Basedow: komprime, operesheni ao iodi? Ulinganisho kwa wenye tuko Bukavu

Mutu akitoka labo na karatasi yenye inasema TSH iko chini na T4 iko juu, swali la kwanza anauliza ni "ninywe nini?" Miye nasema angoje kidogo. Mbele ya kulinganisha dawa tulinganishe kwanza magonjwa, juu kwa tiroidi, ile tezi ya shingo yenye inatoa homoni za T4 na T3, dawa ya huyu inaweza kumuumiza yule, na mu Bukavu hii kuko watu wanagawana komprime ndani ya nyumba moja eti wote ni "watu wa tiroidi". Kwetu tuko wawili. Miye niko na Basedow, tiroidi yangu inakimbia, maana yake inatoa homoni kupita kiasi. Mama mudogo iko na Hashimoto, yake imelala. Akinywa za kwangu atazidi kulala, nikinywa za kwake moyo wangu utakimbia zaidi, na shingo zetu ukiziangalia toka inje zimevimba karibu sawasawa.

Karatasi ya labo kwanza

Kitu chenye kinachanganya kila mutu ni hii TSH. Mama mudogo alipata yake 38, pembeni labo imeandika kawaida ni 0,27 mpaka 4,20, akafurahi. Akaniambia: "Mwanangu, kumbe yangu iko na nguvu kuliko ya wote." Nikamuambia hapana mama mudogo, TSH haitoke mu tiroidi, inatoka mu kichwa, mu katezi kadogo kenye kako chini ya ubongo, kenye wanaita hipofizi. Kichwa njo kinapigia tiroidi kelele ifanye kazi, na kelele ikiwa kubwa ivi ni juu tiroidi haisikie. Akanyamaza, kisha akauliza: "Sasa weye na zero yako?" Ya kwangu ilikuwa imeandikwa < 0,01, maana yake kichwa kimenyamaza kabisa juu damu imejaa T4 na T3 kupita kiasi.

Kwa hiyo TSH juu na T4 chini, tiroidi imelala. TSH chini na T4 juu, inakimbia. Na TSH ikipanda kidogo tu, tuseme 6 ao 7, wakati T4 iko kawaida, mara mingi munganga hatakupa kitu, atakuambia urudi upime tena kisha miezi miwili ao mitatu, na usimuone mubaya juu ya hiyo, kuko TSH zenye zinarudi zenyewe. Ukiwa na mimba ao unatafuta mimba ni hesabu ingine, hapo umuambie wazi.

Alama za mwili nazo zinadanganya. Mwenye tiroidi inakimbia anakonda na huku anakula vizuri, anatoka jasho hata wakati wa baridi, mikono inatetemeka, moyo unapiga hata amekaa, tumbo linaharisha, usingizi haupatikane, anakasirika bure. Hapa kwetu mutu akikonda ivi watu wanaanza kunongona, wengine wanasema SIDA, wengine kifua kikuu, wengine wamemuroga, na familia inamaliza pesa mu vyumba vya maombi na kwa waganga wa miti mbele hata mutu mumoja aombe TSH. Mwenye imelala njo kinyume: ananenepa bila kula sana, anasikia baridi wakati wengine wamevua koti, choo kigumu, ngozi kavu, damu ya mwezi inatoka mingi, anachoka toka asubui, na huyo wanamuita muvivu. Inaniuma sana hii, juu kipimo ni tone la damu tu.

TSH chini haimaanishe Basedow moja kwa moja

Hapa njo watu wanapotea, na hapa njo ningeomba musome pole pole, juu kuchagua kati ya komprime, operesheni na iodi kunategemea sababu.

Basedow yenyewe, yenye karatasi za Nairobi ao Kampala zinaandika Graves na ni ugonjwa moja, ni kinga za mwili zinatengeneza kitu chenye kinasukuma tiroidi ifanye kazi bila kupumzika. Kipimo chake kinaitwa TRAb, kwa Kifaransa wataandika anti-récepteurs ya TSH. Ikiwa juu, ni Basedow. Kama labo yako haipime ile, uliza kama wanatuma damu mahali pengine. Lakini kama macho yametoka inje na shingo imevimba yote sawasawa bila vinundu, munganga anaweza kusema Basedow hata bila TRAb, na hiyo pesa ikabaki kwa dawa.

Ya pili ni goita, ule uvimbe wa tiroidi, ya zamani yenye vinundu, na hii ni mambo yetu kabisa watu wa Kivu. Tiroidi inatumia iodi kutengeneza homoni, na udongo wetu wa milima iodi haimo ya kutosha. Miaka ya 1960 watafiti kutoka Ubelgiji walipima watu wa Idjwi, pale mu ziwa mbele yetu, wakakuta goita imejaa zaidi upande wa kaskazini wa kisiwa kuliko kusini-magharibi wakati iodi ilikosekana pande zote, na hiyo njo iliwafanya waanze kuangalia chakula, zaidi muhogo, juu muhogo usioroweshwa vizuri unaacha mu mwili kitu chenye kinazuia tiroidi kupata iodi. Kisha chumvi yenye iodi ikaingia, na ilisaidia watoto sana sana. Lakini kwa wakubwa wenye goita ya miaka mingi, vinundu vingine vilikuwa vimeshajizoesha kufanya kazi bila kusikiliza kichwa, iodi ilipofika vikaanza kumwaga homoni. Mwaka wa 1996 kesi za ivi za hapa Kivu ziliandikwa mu jarida la waganga la Uingereza. Kwa hiyo kama ni bibi yako mwenye goita toka ujana na sasa anakonda na moyo unapiga ovyo, usidhani ni Basedow. Ekografi ya shingo itaonyesha vinundu. Tofauti kubwa kwa kuchagua: Basedow inaweza kupona na komprime, vinundu haviponi na komprime, vinatulia tu wakati unakunywa, ukiacha vinarudi.

Ya tatu ni tiroidi kuumwa tu na kumwaga homoni zenye zilikuwa zimewekwa ndani. Inatokea kisha kuzaa, mu ule mwaka wa kwanza, ao kisha mafua makali na hapo shingo inauma ukiigusa. Huyu asipewe dawa za Basedow, hazitamsaidia kitu juu tiroidi haitengenezi mingi, inavuja tu. Anapewa dawa ya kutuliza moyo, anangoja, mara mingi inapita kwa kulala kidogo kisha inarudi kawaida. Dada yeyote mwenye amezaa juzi na wanamuandikia dawa za mwaka muzima bila TRAb, aulize. Aulize kwa heshima lakini aulize.

Kisha kuko vitu vyenye vinaharibu karatasi. Mimba changa inashusha TSH yenyewe mu ile miezi mitatu ya kwanza. Dawa ya moyo Cordarone imejaa iodi na inaweza kukimbiza ao kulaza tiroidi. Na hizi vitamini za nywele na kucha zenye wadada wananunua, zenye biotini mingi, zinadanganya mashine za labo nyingi: zinaonyesha TSH chini, T4 juu, hata TRAb juu, unakuwa na Basedow ya karatasi bila ugonjwa. Acha hizo vitamini siku mbili kamili mbele ya kutoa damu, na kama dozi ni kubwa acha zaidi, na uwaambie watu wa labo.

Sasa, kama ni Basedow kweli

Njia ni tatu na zote tatu ni za kweli, hakuna ya wajinga. Komprime zenye zinazuia tiroidi kutengeneza homoni. Operesheni yenye inatoa tiroidi. Iodi ya mionzi yenye inaichoma toka ndani. Vitabu vinazilinganisha kwa asilimia ya kupona. Miye nazilinganisha na swali lingine, lenye mutu wa Bukavu lazima ajiulize: barabara ikifungwa, mupaka ukifungwa, farmasi ikikosa dawa mwezi muzima, nani kati ya hawa watatu ataumia kwanza? Hilo swali lilibadilisha mawazo yangu kuliko asilimia zote.

Komprime

Jina lenye utakuta ni karbimazoli, zenye boksi ya Ufaransa imeandikwa Néo-Mercazole, ao tiamazoli, ao PTU. Karbimazoli ikiingia mu mwili inageuka tiamazoli, kwa hiyo hizo mbili ni ndugu, lakini dozi haziko sawa, 10 mg za karbimazoli ni karibu 6 mg za tiamazoli. Farmasi ikikuambia "tumekosa hii chukua ile, ni moja", usikubali kubadilisha namba kwa namba, rudi kwa munganga akuandikie upya. PTU inanyweka mara mbili ao tatu kwa siku na inaweza kuharibu ini vibaya, njo maana siku hizi hawaianzishe kwa mutu yeyote tu, wanaiweka kwa mimba changa na kesi zingine chache.

Uzuri wa komprime: hakuna kisu, hakuna safari, tiroidi inabaki yako, na kuko nafasi ya kupona kabisa. Matibabu ni mwaka moja mpaka mwaka na nusu, wakati mwingine zaidi. Kisha wanaacha, na hapa tuseme ukweli, karibu nusu ya watu ugonjwa unarudi. Unarudi zaidi kwa mwenye goita kubwa, kwa mwenye anavuta sigara, na kwa mwenye TRAb bado iko juu wakati wa kuacha. Njo maana kupima TRAb mbele ya kuacha iko na faida kuliko kuipima mara mingi katikati.

Usitegemee TSH ikuambie kama dawa inafanya kazi mu miezi ya kwanza. TSH inaweza kubaki zero miezi mizima hata T4 imesharudi kawaida, kichwa kinachelewa kuamka. Nimeona mutu anaongezewa dozi mara kwa mara juu TSH "haipande", mwishowe tiroidi ikalala kabisa na akanenepa vibaya. Mwanzoni omba T4 na T3, kila wiki nne mpaka sita.

Ubaya wake mukubwa ni huu, na uandike mahali: mara chache sana, chini ya mutu 1 kwa 100, dawa hizi zinamaliza chembe nyeupe za damu, na mara mingi inatokea mu miezi mitatu ya kwanza. Alama yake ni homa na koo kuuma, wakati mwingine vidonda mu kinywa. Hapa Bukavu homa maana yake malaria, mutu anakimbia kununua dawa ya malaria na analala. Ukiwa kwa karbimazoli, tiamazoli ao PTU, homa na koo maana yake unaacha komprime siku ile ile na unakwenda kupima NFS, kile kipimo cha kuhesabu chembe za damu, hata kama ni siku ya Mungu, hata kama GE, kipimo cha malaria, iko na malaria vilevile. NFS inafanywa karibu kila hospitali, haina garama ya kutisha. Chembe zikiwa sawa unarudilia dawa, zikiwa chini haugusi tena dawa ya jamii ile maisha yako yote. Macho na mukojo kugeuka rangi, ngozi manjano, vilevile unaacha na unakwenda. Kuwashwa ngozi tu, hiyo mara mingi inatulia na dawa ya kuwashwa, lakini muonyeshe munganga.

Kwa swali langu la barabara, komprime njo zenye zinakuacha vibaya. Ukizikosa ugonjwa unarudi mu wiki chache tu, na kama mwanzo ulikuwa mukali na unashikwa na ugonjwa mwingine juu yake, moyo unaweza kwenda ovyo kabisa, homa kali, kuchanganyikiwa akili, hapo ni hospitali usiku ule ule. Kwa hiyo mwenye anachagua komprime aweke akiba. Miye nanunua mbele yangu, sikuwahi kungoja boksi iishe, na ninaangalia tarehe ya mwisho na kama karatasi ya aluminiumu haijafunguliwa, juu kuko komprime zinauzwa moja moja mezani hapo sokoni Kadutu bila hata jina.

Ile propranololi yenye wanaandika pamoja mwanzoni si dawa ya tiroidi, inatuliza moyo na kutetemeka wakati ile ingine inachelewa. Mwenye asima aseme mbele, inaweza kumubana kifua.

Operesheni

Hii njo yenye watu wanaogopa zaidi, na njo yenye miye naiheshimu zaidi kwa mutu wa huku. Inamaliza mambo mu siku moja. Goita kubwa yenye inabana pumzi ao kumeza, kinundu chenye munganga anakishuku saratani, ugonjwa wenye umesharudi kisha komprime, dada mwenye anataka mimba hivi karibuni na hataki kungoja, mutu mwenye dawa zilimaliza chembe nyeupe: hao wote operesheni iko mbele yao. Na kwa Basedow wanatoa tiroidi yote ao karibu yote, juu wakiacha kipande kikubwa ugonjwa unaweza kurudilia pale pale.

Lakini haukatwe tiroidi ikiwa bado inakimbia. Lazima unywe komprime kwanza mpaka T4 irudi kawaida (mwenye zilimumalizia chembe nyeupe, munganga anamutayarisha kwa njia ingine), na mara mingi shirurjia anaongeza matone ya Lugol, yenye ni iodi, siku saba mpaka kumi za mwisho ili damu isitoke mingi. Mwenye anakuambia "njoo kesho tukate" na moyo wako unapiga 130, toka pale.

Hatari ni tatu. Damu kutoka mu masaa ya kwanza na kubana pumzi, njo maana unalala hospitali na si nyumbani. Mushipa wa sauti wenye unapita nyuma ya tiroidi, ukiguswa sauti inakwaruza, mara mingi inarudi, lakini karibu 1 kwa 100 inabaki ata kwa shirurjia mwenye kuzoea. Kwa mwimbaji wa korali, mwalimu, muhubiri, hiyo 1 ni kubwa. Ya tatu wengi hawaambiwe: nyuma ya tiroidi kuko tezi nne ndogo zenye zinaangalia kalsiamu, zikichoka kisha operesheni unasikia vidole na midomo inawashwa kama sindano, mikono inakakamaa. Hiyo ni kawaida kwa wengi mu siku na wiki za kwanza, inatibiwa na kalsiamu na vitamini D, kwa wachache inabaki milele. Uliza mbele ya kukatwa kama hospitali itakupima kalsiamu kesho yake na kama komprime za kalsiamu ziko tayari.

Swali muhimu kuliko jina la hospitali ni shirurjia anafanya tiroidi ngapi kwa mwaka. Umuulize yeye mwenyewe: "Dokta, naomba nijue, tiroidi munafanya mingi? Na sauti ya watu munaipima?" Mwenye anafanya nyingi hatakasirika. Ukisikia jibu haliko wazi, Kigali iko ngambo ya Ruzizi, ule muto wa mupaka, na safari moja ya operesheni ni rahisi kupanga kuliko safari za kila mwezi.

Kisha operesheni unakunywa levotiroksini, komprime ya homoni yenye tiroidi haitoi tena, kila asubui maisha yote. Watu wanasikia "maisha yote" wanakataa, wanachagua komprime za Basedow zenye nazo zinakwenda miaka. Nawaelewa, lakini linganisheni vizuri. Levotiroksini inabaki mu damu muda mrefu, nusu yake inatoka kwa karibu siku saba, kwa hiyo ukikosa siku tatu juu ya matatizo ya muji hauanguke. Ukikosa wiki nyingi utalala, utachoka, ni mubaya na siyo ya kucheza nayo, lakini inakuja pole pole na inakupa muda wa kutafuta. Iko mu orodha ya dawa za lazima ya OMS, shirika la afya la dunia, haihitaji NFS, na dozi ikishapatikana TSH moja ao mbili kwa mwaka zinatosha. Kwa swali la barabara iliyofungwa, huyu njo anavumilia.

Iodi ya mionzi

Ni kapsuli ao maji yenye unameza mara moja. Tiroidi inavuta iodi yote, na hii iodi 131 inaichoma toka ndani. Ilianza kutumiwa kwa wagonjwa Boston mwaka wa 1941, kwa hiyo si kitu cha majaribio, na mutu akikuambia itakuletea ugumba anakuogopesha bure. Nusu ya nguvu yake inaisha kwa siku nane. Hakuna kisu, hakuna kovu, sauti haiguswe. Inafaa sana kwa bibi wa vinundu mwenye moyo haukubali anestezi.

Kwetu haiko. Utakwenda mahali penye kuko kitengo cha mionzi, Nairobi, Kampala, ao Dar es Salaam pale Ocean Road, na lazima upange kupima mbele, kuacha komprime siku chache mbele ya kumeza, kisha kurudi kwa hesabu za damu. Haifanye kazi siku ile, inachukua kutoka wiki sita mpaka miezi sita, wengine wanarudilia dozi ya pili. Na wengi mwisho tiroidi inalala kabisa, kwa hiyo utafika kwa levotiroksini ile ile ya mwenye amekatwa. Hii waambieni watu mbele, juu wanarudi na TSH 50 na wanasema wamewaharibu, wakati hiyo njo ilikuwa inatafutwa. Ubaya ni kama hawajapima, mutu anakaa miezi bila kujua amelala.

Nani asiiguse: mwenye mimba, kabisa. Mwenye ananyonyesha, juu iodi inapita mu maziwa na itachoma tiroidi ya mutoto. Lazima aachishe wiki nyingi mbele na haurudishe mutoto huyo kwa ziwa. Mwenye anataka mimba angoje miezi sita. Mwenye macho yametoka vibaya, juu inaweza kuyazidisha, na zaidi kama anavuta sigara.

Kisha fikiria nyumba zetu. Siku nyingi za kwanza unatakiwa ulale peke yako, usibebe watoto wadogo, usikae karibu na mwenye mimba, utumie choo kwa uangalifu. Mwenye kulala chumba kimoja na watoto wanne mu Kadutu atafanya aje? Na kurudi toka Nairobi siku mbili mu basi, mutoto wa jirani amekulalia begani? Mwenye iko na ndugu kule wa kumupokea na chumba chake, inaenda. Mwenye hana, miye sitamushauri.

Wenye wanataka watoto

Hii inataka kusemwa peke yake juu wengi wenye Basedow ni wadada wa umri wa kuzaa. Karbimazoli na tiamazoli zinaweza kuharibu mutoto mu zile wiki za kwanza, zaidi wiki ya 6 mpaka ya 10, wakati wengine bado wanangoja damu ya mwezi. Kwa hiyo damu ikichelewa siku chache tu pima mimba na umuone munganga wiki ile ile, anaweza kukuhamisha kwa PTU mu hiyo miezi mitatu ao akaacha dawa kabisa kama dozi ilikuwa ndogo. Usiache mwenyewe kimya kimya, tiroidi yenye inakimbia bila dawa nayo inatoa mimba. Mwenye anapanga vizuri anaweza kukatwa kwanza, aweke levotiroksini sawa, kisha azae kwa utulivu. Na hata mwenye amekatwa amuambie munganga kama alikuwa na Basedow, juu TRAb inaweza kubaki mu damu na kupita kwa mutoto.

Chakula na mambo ya jirani

Sombe haiponyi Basedow na haiiletee, endelea kula, ipikwe vizuri tu na muhogo uroweshwe vile mama zetu wanajua. Chumvi yenye iodi endelea nayo kawaida, usiikatalie watoto wa nyumba juu yako. Chenye nakataa kabisa ni matone ya iodi na unga wa majani ya bahari wenye wanauza eti "dawa ya goita": kwa Basedow na kwa vinundu ni kuongeza kuni kwenye moto.

Na mwenye anakunywa levotiroksini, kama mama mudogo: tumbo wazi, maji tu, chai na mukate kisha nusu saa ao saa nzima. Kalsiamu na komprime za chuma ziende mbali, masaa manne. Yeye alikuwa anaimeza pamoja na chuma ya kuongeza damu na TSH ilikataa kushuka, tulipozitenganisha ikashuka bila kuongeza dozi. Boksi ikibadilika jina, leo ya Ulaya, kesho ya India, hakuna ubaya, lakini TSH ipimwe wiki sita mpaka nane kisha, maana mwaka wa 2017 Ufaransa walibadilisha tu vitu vya pembeni mu Levothyrox na watu wengi sana walilalamika.

Ningechagua nini

Kwa Basedow ya kwanza, goita ndogo, mutu mwenye anaweza kupata dawa na labo bila kukatika: komprime, mwaka na nusu, na akiba nyumbani. Kwa mwenye anaishi mbali, Shabunda, Fizi, Idjwi, mahali penye NFS haipatikane haraka na boksi inategemea boti ao pikipiki: operesheni mapema kwa shirurjia mwenye kuzoea, mara tu T4 imetulia. Kwa bibi wa vinundu na moyo muchovu, iodi kama familia iko na mahali pa kufikia kule, ao dozi ndogo ya komprime bila kuacha kama hakuna. Kwa mwenye ugonjwa umerudi mara ya pili, nisingerudilia komprime miaka mingine, ningekatwa.

Miye bado niko kwa karbimazoli, dozi imeshuka, goita yangu ni ndogo. Mwisho wa matibabu nitapima TRAb. Ikiwa imeshuka nitaacha na nitapima T4 na TSH mara kwa mara mwaka wa kwanza, juu njo mwaka wenye ugonjwa unarudi zaidi. Ikiwa bado iko juu, nimeshaongea na mama mudogo, atanisindikiza kwa shirurjia, na kila asubui tutakuwa wawili wa kumeza levotiroksini mbele ya chai.